Bibi Harusi wa Mlango wa Nyuma

Ofisini, Jumatatu, 4 Septemba

Kaka,

Kabla hujasoma mstari wa pili, toka hapo gereji, nenda mahali ambapo hakuna anayekujua. Nakuomba kwa haki ya mama yetu, neno lolote lililomo humu lisitoke kinywani mwako, hata kwa wifi, hata kwa mzaha. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu ya ofisi iko mezani kwa Mkubwa, na yangu, bondeni hapa, haishiki mtandao mpaka nipande juu ya tangi la maji, ambako uani kote wananisikia. Dereva wa basi ameniapia kwamba ataikabidhi mkononi mwako. Ukimaliza, ichome.

Unajua mimi ni mwoga. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kidole, kwa sababu nilikuwa sisomi mstari bila kuufuata kwa kidole nisije nikaruka neno. Basi kidole hicho ndicho kilichoniponza.

Kazi yangu unaijua, wewe ndiye uliyeniombea. Mteja anakuja kukodi gari la kupanda jangwa la juu. Tunalizunguka gari pamoja. Kwenye fomu kuna mchoro wa gari linaloonekana kutoka juu, kama kobe, nami naweka alama kila penye mkwaruzo. Mwisho tunafika mlango wa nyuma. Nafungua kile kifuniko kigumu chenye picha ya mlima na kumwonyesha tairi la spea: jipya, meno yamesimama, linang'aa. Wengine hulipiga picha. Mteja anaweka sahihi, kisha namwingiza ndani kumweleza ramani kwa dakika kumi: maji yako wapi, njia inagawanyika wapi, mtandao unaishia wapi, na kwamba gari likikwama asiliache hata kama anaona kilele karibu. Wakati huo Muosha Magari analipeleka gari nyuma ya banda kupangusa vioo.

Fomu haiulizi namba ya tairi. Ni mimi tu, kwa tabia yangu, nilianza kunakili pembeni zile tarakimu za kiwandani zilizokandamizwa ubavuni, ambazo kila tairi lina zake. Wiki iliyopita mvua ilizuia wateja, nikakaa kupanga majalada. Kaka, magari thelathini na moja, tarakimu zilezile. Nikadhani nimekosea. Nikachukua wino wa mhuri, nikatia nukta kati ya meno ya spea ya gari jeupe asubuhi, kabla halijaondoka na mteja wake. Saa nane mchana nukta yangu ilikuwa kwenye gari la kijani. Gari jeupe lilikuwa limeshapita kilomita ya hamsini.

Nilimuuliza Muosha Magari. Alicheka mpaka akashika ndoo.

"Karani! Miezi minne yote hujamjua Bibi Harusi? Anaogeshwa, anapakwa mafuta, kila mtu anapiga naye picha, halafu haondoki kwao!"

"Na wanaondoka na nini?"

"Wanaondoka na kifuniko," akasema, akaendelea kusugua.

Ndani ya kifuniko wanafungiwa kipara, tairi lililoisha meno. Nimekwenda nyuma ya banda, nimeviona vipara vyenyewe vimepangwa kama vikombe.

Mwezi uliopita Mkubwa alinisifu mbele ya wote, kwamba hakuna karani aliyewahi kueleza ramani kama mimi, wateja hawanyanyuki kabla ya dakika kumi. Nilifurahi nikakuandikia, unakumbuka? Kumbe dakika zangu kumi ndizo za kufungulia nati.

Huko juu ni mawe yenye makali, kilomita mia moja na arobaini bila nyumba. Mchana jua linapasua midomo, usiku maji yanaganda kwenye chupa. Wewe ni fundi wa tawi letu la chini, na ulifanya kazi hapa kabla yangu. Je, huko kwenu ni hivi pia? Nifanye nini? Usinipigie simu.

Mdogo wako,
Kidole

*

Gereji ya chini, Ijumaa, 8 Septemba

Kidole mdogo wangu,

Barua imefika, nimeisoma nikiwa chini ya lori, mahali pa siri kuliko pote duniani. Nimeichoma kama ulivyoagiza, na nusura niichome na suruali.

Sasa tulia. Hapa kwetu hakuna mambo hayo. Huko juu labda waliishiwa matairi siku mbili tatu, wakapanga upya, basi. Tairi lenyewe unalolisema ni zima kabisa. Lile kovu la ubavuni lililopinda kama mwezi mchanga ni la jiwe tu, halina neno. Na watu wangapi hupata pancha? Mmoja kwa mia. Na huyo mmoja, lori la chumvi hupita.

Wewe umesoma, umepata kiti, una meza yenye droo inayofungwa. Wenzako wangapi wana droo? Waswahili walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mungu amekuumba mwoga, mshukuru. Acha kunakili tarakimu ambazo hakuna aliyekuuliza. Futa ulizoandika. Funika kombe mwanaharamu apite.

Wifi yako anakusalimu, anasema mbona siku hizi huandiki habari za milima.

Kaka yako,
Fundi

*

Ofisini, Jumanne, 12 Septemba

Kaka,

Nilitaka kukutii. Nilikuwa nimeshika kifutio.

Leo asubuhi aliingia mama mmoja wa miaka sitini na kitu, kofia ya majani, viatu vya mazoezi vipya kabisa, begi limejaa vitabu. Akaweka leseni mezani kama anayeweka karata ya ushindi.

"Nataka gari la siku nne. Mpaka uwanda wa chumvi na kurudi."

Nikamuuliza nani atakuwa dereva.

"Unamwona nani mwingine hapa, mwanangu?"

Ni mwalimu wa jiografia, amestaafu mwaka huu. "Nimeufundisha mlima huu miaka thelathini na moja bila kuuona," akaniambia. "Nimechora mikondo yake ubaoni, nimewachapa watoto wa watu kwa kukosea urefu wake. Ni kama kufundisha ndoa na hujaolewa." Wanawe watatu wamemkataza kuja. Mmoja alificha ufunguo wa gari lake, ndiyo maana akaja kukodi. "Kuficha ufunguo wa mama! Nani aliwafundisha kufungua mlango?"

Tulizunguka gari. Yeye ndiye aliyeniona nikinakili tarakimu za tairi. Akasema, "Vizuri. Mtu anayeandika asichoulizwa ndiye ninayempa alama." Akazisoma kwa sauti, akaweka sahihi chini yake.

Kisha tukaingia ndani. Nilimweleza ramani, Kaka. Alikaa kama mwanafunzi wa mbele, akauliza maswali mazuri kuliko ya mteja yeyote: kwa nini njia inapinda hapa, upepo unatoka wapi saa za jioni. Nilipotaja kwamba gari likikwama asiliache, akanirudisha, "Sema tena, hilo ni la mtihani." Nyuma ya ukuta nilisikia spana ikianguka. Neno lilikuwa limefika hapa kooni: Mwalimu, rudi nyuma ukafunue kifuniko. Nilimwona Mkubwa kwenye kioo cha mlango akitazama saa yake, akininyoshea kidole gumba. Neno likashuka.

Dakika kumi na mbili. Ndizo nyingi kuliko zote nilizowahi kumweka mtu.

Ameondoka saa nne. Atarudi Ijumaa jioni.

Na wewe, Kaka. Nimeisoma barua yako kwa kidole, mara nne. Sikukuandikia habari za kovu. Nimetoka kwenda kulitafuta, nalo lipo kwa ndani, mahali ambapo mtu halioni mpaka alivue tairi. Umelijuaje?

Kidole

*

Gereji ya chini, Ijumaa, 15 Septemba

Mdogo wangu,

Hii nayo ichome. Mara hii ni mimi ninayeomba.

Miaka sita iliyopita maji yalikata barabara, lori la matairi halikufika. Tulikuwa na magari manne na spea moja nzima. Mkubwa akasema, "Wiki moja tu, Fundi, tuonyeshe hii hii." Mimi ndiye niliyemwambia inawezekana. Nilisimama na saa mkononi: dakika nne kuvua, nne kufunga, mbili za kupangusa alama za vidole. Dakika kumi ni hesabu yangu. Jina la Bibi Harusi nilimpa mimi pia. Tulicheka sana siku ile. Ule mwezi mchanga niliusababisha mwenyewe kwa kuliangusha juu ya jeki nikikimbizana na saa.

Wiki moja imekuwa miaka sita. Niliomba uhamisho ili nisilishike tena kwa mikono yangu. Nilidhani mtu akihama, jambo hubaki kule.

Na kazi hiyo nilikuombea kwa sababu nilijua unaogopa. Nilisema moyoni, mwoga hatauliza, atakaa salama. Sikujua kwamba mwoga ndiye anayeangalia kila kitu.

Sasa nisikilize. Acha kazi. Sema unaumwa, sema umefiwa, sema lolote, panda basi ushuke. Usimguse Mkubwa, usiandike popote, na usipande huko juu, hujawahi kuendesha penye mawe. Huyo mwalimu atarudi. Wote hurudi.

Kaka yako

*

Barua iliyoletwa na dereva wa lori la chumvi. Juu ya bahasha: Kwa Karani wa Ramani, mkononi mwake, si kwa mwingine.

Kilomita ya 88, Jumamosi, 16 Septemba

Binti,

Mimi ni yule mwanafunzi wako wa dakika kumi na mbili.

Jumatano, baada ya mwanya wa kwanza wa mlima, jiwe lilipasua tairi la mbele. Sikutishika. Nilitoa jeki, nikakunja mikono, nikafungua kifuniko chenye picha ya mlima. Tairi nililolikuta nyuzi zimetoka kama soksi ya zamani. Upepo haumo. Nikasoma tarakimu zake, nikazilinganisha na nakala niliyopewa. Siyo niliyoiwekea sahihi. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na moja, binti yangu. Mtoto aliyenakili namjua kabla sijafika ukurasa wa pili. Namjua pia aliyekaa karibu naye akaona, akanyamaza.

Sikuliacha gari, kwa kuwa ulinifundisha. Kuna kibanda cha zege cha wajenzi wa barabara, nalala humo. Maji niliyoyabeba yaliisha jana. Lori limenipita leo, dereva amenipa madumu mawili ya maji na mkate, akanisihi nishuke naye. Nimekataa.

Usidhani nimechanganyikiwa. Nikishuka kwa lori, watapanda na pikapu, watabadilisha tairi, na mimi nitakuwa bibi kizee aliyepigwa na jua kichwani. Wanangu watakuwa wa kwanza kuamini. Kwa hiyo nimelivua hilo tairi, nimeliweka kibandani, na wakati huu ninapoandika nimelikalia. Ni kiti kibaya. Nilikuja kwa gari nililokodi, nitashuka kwa gari nililokodi, na tairi nililoliwekea sahihi liletwe hapa.

Maji yatafika Jumatano, nikiyanywa kwa adabu.

Mlima ni mzuri kuliko nilivyoufundisha. Mikondo niliichora vibaya. Hilo nalo linataka kusahihishwa.

Mwalimu

*

Ofisini, Jumatatu, 18 Septemba, jioni

Kaka,

Barua yako sikuichoma. Iko ndani ya soksi yangu ya kushoto. Ya Mwalimu iko ya kulia. Nimekunakilia, isome hapo.

Leo saa mbili Mkubwa aliniita. Kwa sauti ya upole, ile inayonitisha kuliko ukali, akasema, "Yule bibi amechelewa. Wazee hupenda kuongeza siku. Lakini tuwe tayari, Karani. Andika fomu mpya, kwamba mteja alikataa spea, alisema inaongeza uzito."

"Na sahihi?"

"Una mwandiko mzuri," akasema. "Hata wa watu wengine utakuja vizuri."

Nilikaa kaunta na fomu tupu. Kalamu ilikuwa imeshachora kwenye mchoro wa gari mkwaruzo ambao haupo. Hapo dereva wa lori la chumvi, aliyekuta ofisi imefungwa jana, akaingia, vumbi jeupe kichwani, akaniwekea bahasha. Nilisoma chini ya kaunta. Nilipofika kwenye yule aliyekaa karibu akaona, akanyamaza, niliivuta fomu, Kaka.

Nikaandika: Mteja hakukataa. Mteja alidanganywa. Aliyemshikilia ndani wakati tairi linavuliwa ni mimi, Karani. Nikaweka sahihi, yangu mwenyewe, nikagonga mhuri, nikampelekea.

Alisoma. Akavua miwani. "Unajua ulichoandika?"

"Ndiyo, Mkubwa. Nimekifuata kwa kidole."

"Nitakufukuza."

"Sawa. Lakini Mwalimu yuko kilomita ya themanini na nane, maji yake yanaisha Jumatano. Utapeleka spea nzima leo?"

Akasema pikapu itakwenda kesho kutwa kumchukua, yeye na "vifaa vyote". Alilisema neno vifaa akitazama dirishani. Nikaelewa kwamba Mwalimu yule ana akili kuliko sisi wote.

Nilitoka nje, nikapanda juu ya tangi la maji. Unajua jinsi nilivyokuwa nikiliogopa tangi lile. Nikampigia Mkaguzi wa Magari wa wilaya, nikamweleza kila kitu, na kwa kuwa mtandao ulikuwa mbaya ilinibidi nipige kelele. Uani wote walisimama. Nilitaja tarakimu moja moja. Mkaguzi aliniuliza kama kuna mtu aliyekuwepo tangu mwanzo, maana watasema ni kosa la muosha magari mmoja, siku moja. Nilisema tu nitamjibu. Atapanda na lori Jumamosi, siku ambayo nafasi ipo.

Jumamosi ni mbali kwa mtu ambaye maji yake yanafika Jumatano. Kwa hiyo nimesoma kanuni zilizobandikwa ukutani, zile ambazo hakuna anayezisoma. Ya kumi na moja: mfanyakazi aliyetimiza miezi mitatu anaruhusiwa kukodi gari siku sita kwa mwaka, kwa kujaza fomu kama mteja yeyote. Mkubwa amesema nitaondolewa mwisho wa mwezi, kwa maandishi. Basi mpaka mwisho wa mwezi mimi ni mfanyakazi.

Nimewaeleza ramani ile watu wasiohesabika, na sijawahi kupita kilomita ya kumi. Hatuna tofauti na Mwalimu, ila yeye alikwenda.

Ninaogopa, usidhani siogopi. Ninaandika haya huku nimejifunga shuka mbili na jasho linanitoka. Lakini nimegundua kwamba woga unaweza kukaa kiti cha abiria.

Kidole

*

Kibandani, kilomita ya 88, Jumatano, 20 Septemba

Kaka,

Barua ya kwanza nilikuomba uifiche. Hii usiifiche. Isome gerejini kwa sauti, chai ikiwa mkononi mwa kila mtu.

Jana asubuhi nilifika ofisini mapema, nikajaza fomu mbili upande mmoja wa kaunta, nikahamia upande wa pili nikaziweka sahihi kama mteja. Nilichagua gari la kijani. Nililizunguka peke yangu, nikaweka alama mikwaruzo kumi na minane. Nikafungua kifuniko. Bibi Harusi alikuwepo, ameogeshwa, kwa kuwa kulikuwa na mteja saa tatu. Nikanakili tarakimu.

Muosha Magari akaja kwa mazoea. "Nichukue ufunguo nikapanguse vioo?"

"Vioo visafi," nikasema. "Vikichafuka nitapangusa mwenyewe."

"Na ramani?"

"Naijua."

Mkubwa alitoka mlangoni, mkono mmoja bado kwenye mkono wa koti. "Karani! Shuka kwenye gari hilo!" Nilikuwa nimeshawasha. Nikateremsha kioo, nikampa nakala yake ya fomu. Alitaka kushika mlango, nikafunga kioo taratibu ili nisimbane vidole. Nyuma yangu nilimsikia Muosha Magari akipiga ndoo kama ngoma: "Jamani, leo Bibi Harusi ameolewa!"

Gari lilinizimikia mara mbili getini. Mara ya tatu likaenda.

Sitakueleza njia jinsi nilivyoipita, maana nilipita nikilia kuanzia kilomita ya kumi na mbili mpaka ya arobaini, kisha machozi yakakauka kwa ule upepo na nikaanza kuona. Mlima hauna mti hata mmoja, lakini una rangi. Kwenye ramani yetu tumeupaka kahawia tu. Ni mwekundu, na wa majivu, na chini ya mwanya kuna ukanda wa kijani wa jiwe, siyo wa jani. Niliwadanganya wateja hata katika hilo.

Mwalimu alinisikia kabla hajaniona. Nilimkuta mlangoni, midomo imepasuka, kofia imefungwa kwa kamba ya kiatu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima. Nilipofungua kinywa akasema, "Kwanza nyuma." Akazunguka gari, akafungua kifuniko, akasoma tarakimu kwa sauti na nakala yake mkononi. Akanikumbatia baada ya tarakimu ya mwisho, si kabla.

Kisha akaniambia, "Umechelewa siku saba. Lakini umeleta kazi yako mwenyewe." Akanywa maji kidogo kidogo, akalia kidogo, akaniambia nisimtazame.

Ningeweza kumshusha leo. Gari langu ni zima na spea ninayo. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza, "Na gari langu, na hiki kiti changu?" Bibi Harusi hatumfungi kwenye gari lake, ni ushahidi na mawe yatamla; na tukiondoka kwa gari langu, pikapu itakuja kulichukua lake. Basi hatuondoki. Nilileta maji ya siku sita, mikate, na biskuti zote zilizokuwa kwenye droo yangu inayofungwa. Ulisema kweli, droo ina faida.

Pikapu imekuja leo saa tano, Muosha Magari na dereva. Walikuwa na agizo la Mkubwa kwenye karatasi: Karani arudishe mali ya ofisi mara moja. Niliandika jibu chini yake: Mali ya ofisi imekodiwa kwa fomu, itarudi Jumapili saa kumi jioni, tangi likiwa limejaa. Mwalimu hakunyanyuka kwenye tairi. Dereva alipomkaribia akamwambia, "Wewe ni kijana wa darasa gani? Simama wima unaposema na mtu mzima." Akasimama wima, Kaka, na ana ndevu. Wamegeuza. Muosha Magari alituachia dumu la maji na kuninong'oneza kwamba akiulizwa na Mkaguzi atasema aliyoyaona. Lakini yeye ana miaka miwili tu pale.

Sasa ni wewe.

Uliniandikia, kwa mwoga huenda kicheko. Nimefikiri sana juu ya kicheko kile mlichocheka siku ya kwanza mkiwa na saa mkononi. Ndicho kilichokuwa kinakwenda nyumba kwa nyumba miaka yote sita. Sitaki tena kije kwangu. Nakupenda, wewe ndiye uliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana sijampa Mkaguzi jina lako. Nataka umpe wewe.

Mkaguzi anafika hapa na lori Jumamosi saa sita mchana. Barua hii inashuka leo na dereva wa chumvi, basi litakufikishia kesho. Unayo Ijumaa nzima.

Omba gari kwa mtu, usichukue la kampuni. Beba matairi mawili mazima ya saizi ya magari yetu, moja la mbele la Mwalimu, moja la mlango wake wa nyuma. Beba jeki yako mwenyewe, ile nyekundu. Maji lita arobaini. Beba kalamu, ya hapa imeganda.

Weka saa ya kilomita sifuri kwenye kituo cha mwisho cha mafuta. Kilomita ya ishirini na mbili kuna bomba la maji la wachunga mbuzi, jaza tena hata kama madumu yanaonekana kamili. Ya thelathini na tano mtandao unaisha. Kama unataka kumwambia wifi ukweli, mwambie hapo. Ya arobaini na saba njia inagawanyika. Ya kushoto ni pana na inavutia, inaishia kwenye korongo. Shika ya kulia, ile mbaya. Ya sitini na tatu ni mwanya wa kwanza, panda kwa gia ya pili, usitazame chini upande wako, tazama ule ukanda wa kijani. Toka hapo mawe ni makali, punguza mwendo kama mtu aliyebeba mayai. Ya themanini na nane utaona kitambaa chekundu juu ya kibanda cha zege.

Usipige honi. Tutakuwa tumekuona tangu mbali kwa vumbi lako. Zima gari, ushuke, usianze kuniomba radhi wala kunisalimia. Zunguka nyuma kwanza, ufungue kifuniko, tuone umebeba nini.

Mdogo wako,
Karani wa Ramani